Gitaa kavu lisipoteze sauti yake kwenye spika

Mtu akiingia mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, na kuuliza ni wapi aweza kupata pikapu, hapana shaka ataelekezwa kwenye gereji. Mtaa huo unasifika kwa mafundi wake wa magari, na neno lenyewe kwa Waswahili wengi ni gari la mizigo lililo wazi nyuma. Lakini kwa mpiga gitaa, pikapu ni kitu kingine kabisa. Ni kifaa kidogo, mara nyingine chembamba kama njiti ya kiberiti, ambacho hutiwa katika gitaa ili mtetemo wa nyuzi ugeuzwe kuwa umeme, umeme huo upite katika waya, na hatimaye utoke kwenye spika ukiwa sauti tena. Katika makala haya tutakiita kinasa, ili tusichanganye gitaa na gari.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini si dogo hata kidogo kwa wale wanaoishi kwa muziki. Katika arusi, katika makanisa, na katika hoteli zilizo kando ya Ziwa Tanganyika, gitaa kavu sasa halisikiki tena kwa nguvu zake lenyewe. Linapita katika mitambo, na aghalabu likitoka huko si gitaa tena: nyuzi zinalia kama bati, besi imepotea, na ule utamu uliomfanya mpigaji alipende gitaa lake haupo. Hapo kijana huwaza kubadili kinasa. Hukusanya faranga zake kwa miezi mingi, humwagiza ndugu aliye ng'ambo, hununua kifaa cha bei, akalitoboa gitaa lake ili kukitia. Na baada ya yote hayo sauti ikawa ile ile, au mbaya zaidi.

Sisi twaona kwamba swali la "ninunue kinasa gani?" hutanguliwa na swali jingine ambalo wengi hawajiulizi: ni sehemu gani ya sauti ya gitaa ninayotaka watu waisikie? Kwa maana kinasa hakiongezi uzuri wowote. Kazi yake ni kuchagua. Hunasa kitu kimoja na kukiacha kingine, na mwenye gitaa asipojua kinachonaswa na kinachoachwa, fedha zake zitakuwa zimekwenda na maji.

SAUTI YA KARIBU

Nchi yetu ya Burundi inajulikana ulimwenguni kwa ngoma. Ngoma za kifalme, ambazo shirika la UNESCO liliziandika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2014, hazihitaji spika. Zikipigwa kilimani husikika kwenye kilima cha pili. Lakini upande wa pili wa muziki wetu ni wa sauti ndogo: inanga, indingidi, ikembe, umuduri. Hivi ni vyombo vya kusikilizwa kwa karibu, na gitaa kavu, ingawa lilikuja na wageni, limekaa katika jamii hiyo hiyo.

Hali ilikuwa kama hiyo kwa jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao sasa huitwa Likasi, alichokuwa nacho Mwenda kilikuwa gitaa kavu moja na sauti yake ya Kiswahili. Wimbo wake wa Masanga ulienea mbali, na mtaalamu David Rycroft alikaa kuuchunguza upigaji wake uzi kwa uzi ili aweze kueleza jinsi vidole vichache vilivyotoa sauti kama za watu wawili. Uzuri wa kazi ile ulikuwa katika vitu vidogo: jinsi dole gumba linavyoushika uzi mzito, jinsi ubao unavyoitikia, jinsi noti moja inavyokufa kabla ya nyingine kuzaliwa. Maikrofoni ya Tracey ilivinasa vyote hivyo kwa kuwa ilisikiliza hewa, kama sikio linavyosikiliza.

Mwaka mmoja baadaye, yaani 1953, Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na kuingiza gitaa la umeme katika studio ya CEFA. Tangu hapo njia mbili zikaachana. Gitaa la umeme likawa mfalme wa dansi, na gitaa kavu likabaki barazani. Vijana wa leo wanaotaka kulirudisha gitaa kavu mbele ya hadhira kubwa wanajaribu kuziunganisha tena njia hizo mbili, na mahali zinapokutana ni pale penye kinasa.

SUMAKU HAIJUI NAILONI

Kinasa cha kwanza kufanikiwa katika biashara ya magitaa kilikuwa cha sumaku. George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker huko Marekani, alikitengeneza mwaka 1931, gitaa lao likaanza kuuzwa mwaka 1932, na hati ya kulinda ubunifu huo ikatolewa mwaka 1937. Namna kinavyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Sumaku huzungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, huivuruga nguvu ya sumaku, na mvurugo huo huzaa umeme mdogo katika waya.

Lakini tazama neno lililo muhimu hapo: uzi wa chuma. Gitaa la kiklasiki hutumia nyuzi za nailoni, na sumaku haina habari na nailoni. Hata zile nyuzi tatu nene, ambazo zimezungushiwa waya unaong'aa, haziwezi kunaswa, kwa sababu waya ule ni wa shaba iliyopakwa fedha, wala si wa chuma. Anayenunua kinasa cha sumaku kwa ajili ya gitaa la nailoni hata akilipa bei gani atapata kimya.

Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, kinasa cha sumaku kinachowekwa kwenye tundu hufanya kazi, tena hakisumbuliwi sana na miluzi ya spika. Kasoro yake ni kwamba husikia chuma tu. Ubao hakiusikii. Tena nyuzi nene za gitaa kavu zimevishwa shaba nyekundu, na sumaku huona chuma kilicho katikati tu. Kwa hiyo nyuzi mbili nyembamba, ambazo ni chuma tupu, hupaza sauti kupita wenzao, hasa ule uzi wa pili kutoka chini. Ndiyo maana vinasa vilivyotengenezwa mahsusi kwa magitaa kavu hupunguza nguvu ya sumaku chini ya uzi huo.

KRISTALI INAYOBANWA

Njia ya pili ilianzia mbali na muziki. Mwaka 1880, mjini Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya kristali, kama vile kwatsi, zikibanwa hutoa umeme. Wataalamu wanaliita jambo hilo piezo, neno linalotokana na Kigiriki kwa maana ya kubana. Wananchi wengi wamekwisha kulitumia bila kulijua jina: kiberiti cha gesi kinachotoa cheche ukikibonyeza hufanya kazi hivyo, na gramafoni nyingi za bei nafuu zilizopiga santuri zetu za zamani zilikuwa na kristali ya namna hii nyuma ya sindano.

Katika magitaa, kinasa cha kristali kilienea mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mmoja wa walioeneza matumizi yake alikuwa Mmarekani Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta, ambaye kampuni yake ya magitaa ya Ovation ilianza mwaka 1966. Mhandisi wa helikopta hana budi kuujua mtetemo, kwa kuwa mtetemo huweza kukivunja chombo angani. Maarifa hayo hayo yakahamia kwenye ubao wa gitaa.

Kinasa cha kristali hakijali kama uzi ni wa chuma, wa nailoni au wa utumbo wa mnyama. Kinachokipa umeme ni kubanwa na kuachiliwa. Mahali pake pa kawaida ni chini ya kile kijiti cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hukikalia kwenye daraja la gitaa. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 75 kwa jumla, na za nailoni karibu kilo 40. Sehemu ya nguvu hiyo hukibana kijiti, na kijiti hukibana kinasa. Kila mtetemo hubadili mbano, na umeme hutoka.

Hapa ndipo penye siri ya ile sauti ya bati inayowaudhi wengi. Kinasa kilicho chini ya kijiti hukutana na uzi kabla ubao haujapata nafasi ya kuitikia na kabla hewa ya ndani ya gitaa haijasukumwa. Mkono ukipiga kwa nguvu, pigo lote humfikia yeye kwanza. Sisi tunaoketi mbele ya gitaa hatusikii hivyo. Sikio letu hupokea kazi ya ubao na hewa pamoja, na pigo la kwanza limekwisha kulainika. Kwa hiyo kinasa hicho hakidanganyi. Kinasema kweli juu ya kitu ambacho sikio halijazoea kukisikia.

Zipo namna nyingine mbili. Moja ni vidonge vyembamba vya kristali vinavyobandikwa kwa gundi ndani ya gitaa, chini ya daraja, vikigusana na ubao wenyewe. Hivi huleta sauti ya mti, na havihitaji kijiti kuguswa. Lakini husikia pia kila mguso wa mkono juu ya ubao, tena spika huvichokoza upesi. Nyingine ni maikrofoni ndogo inayotiwa ndani ya gitaa. Hiyo huisikia hewa, na kwa hiyo hukaribia zaidi ukweli wa sikio, ila ndiyo inayopiga mluzi kwa wepesi kuliko zote, na sauti iliyomo ndani ya sanduku la gitaa si ile ile inayotoka nje. Kwa sababu hii wapigaji wengi mashuhuri huunganisha viwili: kinasa cha chini ya kijiti kwa nguvu na uthabiti, na maikrofoni au vidonge kwa rangi ya mti.

KABLA YA KUTOA FARANGA

Tumekwisha kusema kwamba wengi hukimbilia kubadili kinasa. Lakini mara nyingi mgonjwa si kinasa. Yako mambo manne ambayo mwenye gitaa yampasa kuyachunguza kwanza, na karibu yote hayana gharama.

La kwanza ni nyuzi zenyewe. Nyuzi zilizochakaa kwa jasho na kutu haziwezi kutoa sauti nzuri, na hakuna kinasa kitakachowafufua wafu.

La pili ni ukaaji wa kijiti. Ikiwa uzi mmoja unasikika dhaifu kwenye spika ilhali bila umeme una nguvu sawa na wenzake, basi kijiti hakikandamizi sawasawa pale chini yake. Dawa ni kukitoa kijiti, kuweka msasa juu ya kipande cha kioo kilichonyooka, na kukisugua upande wake wa chini taratibu mpaka kiwe bapa kabisa. Mfereji unaokipokea kijiti nao uwe safi na bapa. Chembe moja ya gundi kavu au vumbi la mbao yatosha kuharibu. Tena kijiti kiingie bila kulegea, ila kisikazwe mno hata kikaning'inia pasipo kukigusa kinasa. Kazi hii haitaki mtaalamu kutoka Ulaya. Seremala mwenye subira aiweza.

La tatu ni betri. Magitaa mengi yenye kinasa cha kristali huwa na kikuzaji kidogo ndani yake, kinachotumia betri ya volti 9. Betri ikichoka, sauti huanza kukwaruza kabla ya kuzimika, na mwenye gitaa hudhani kinasa kimekufa. Ikumbukwe pia kwamba katika magitaa hayo plagi ya waya ndiyo swichi: anayeliacha gitaa na waya wake umechomekwa usiku kucha ataamka na betri tupu.

La nne ndilo kubwa, nalo ndilo lisilojulikana kwa wengi. Kinasa cha kristali ni chanzo hafifu sana cha umeme. Chaweza kufananishwa na chemchemi inayotoa maji tone kwa tone. Ukiiwekea mtungi mdogo wenye mdomo mwembamba, utapata maji ya kunywa. Ukiifungulia mfereji mpana, maji yote hupotea njiani. Mtambo wa kuchanganyia sauti, ule unaokuwepo kanisani au ukumbini, kwa kawaida ni mfereji mpana: ukinzani wa mlango wake waweza kuwa omu 10,000 tu. Tuseme kinasa kina uwezo wa kuhifadhi umeme wa nanofaradi 1. Ukikiunganisha moja kwa moja na mlango wa namna hiyo, sauti zote zilizo chini ya mitetemo takriban 16,000 kwa sekunde hudhoofika, na hizo ndizo karibu muziki wote. Mlango wenye ukinzani wa omu milioni 1 hushusha mpaka huo hadi mitetemo kama 160. Mlango wa omu milioni 10 huufikisha kwenye 16. Uzi mzito wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Msomaji atajionea mwenyewe kwamba besi iliyopotea haikupotea kwenye kinasa, ilipotea mlangoni.

Dawa yake ni kikuzaji cha awali chenye ukinzani mkubwa, kinachowekwa karibu na kinasa kadiri iwezekanavyo. Makampuni ya nje, kama vile Fishman iliyoanzishwa mwaka 1981, huviuza vizuri. Lakini moyo wa kifaa hicho ni transista moja ya aina ya FET, vikinzani vichache, kapasita na betri. Fundi redio anayejua kushika lehemu na kusoma mchoro aweza kukiunda mezani kwake. Kwa anayelalamikia sauti nyembamba, kifaa hicho chaweza kuleta mabadiliko makubwa kuliko kinasa kipya.

KEEKEE HAIRUDISHI UBAO

Baada ya kuyamaliza hayo, ikiwa bado kinasa kipya kinahitajika, tunawasihi wenye magitaa wafikiri mara mbili kabla ya kumkabidhi fundi keekee.

Kukiweka kinasa cha chini ya kijiti huhitaji kutoboa tundu dogo ndani ya mfereji ili waya upite, na jingine lenye upana wa kiasi cha milimita 12 penye mkia wa gitaa kwa ajili ya plagi. Matundu hayo yakichimbwa kwa uangalifu hayaliharibu gitaa. Lakini vile vikuzaji vyenye vitufe vinavyokaa ubavuni huhitaji kukatwa dirisha katika ubao wa pembeni, ubao ambao unene wake ni kama milimita 2 tu. Kifaa kikifa baada ya miaka michache, na kile cha kukibadili kikawa na umbo jingine, dirisha hubaki wazi. Hapa kwetu hewa hubadilika sana kati ya masika na kiangazi cha Juni hadi Septemba. Mbao huvimba na kunywea, na ufa hupenda kuanzia pale palipokatwa.

Kwa gitaa la kawaida la kiwandani, hasara hiyo yavumilika. Kwa gitaa la kiklasiki lililochongwa kwa mkono, au gitaa la urithi, haivumiliki. Mwenye gitaa la namna hiyo atumie vidonge vya kubandika na plagi iliyoshikizwa penye tundu pasipo kutoboa, au apige mbele ya maikrofoni kama walivyofanya wazee. Mwenye gitaa ambalo tayari limekatwa dirisha naye apime urefu, upana na kina cha dirisha hilo kabla ya kuagiza chochote, ili kitakachofika kiingie mahali pake.

MLUZI NA MNGURUMO

Hata kinasa kilicho bora hukutana na maadui wawili jukwaani.

Wa kwanza ni mluzi. Sauti hutoka kwenye spika, hulitikisa gitaa, gitaa hulirudisha tikisiko hilo kwenye kinasa, nacho hulipeleka tena kwenye spika. Duara hilo likizunguka mara kadhaa hugeuka ukelele. Gitaa lina hewa ndani yake ambayo hupenda kuitikia mitetemo ya karibu 100 kwa sekunde, kama chupa inavyolia ukiipuliza mdomoni. Ndiyo maana mara nyingi ukelele huanzia hapo. Dawa ni tatu. Spika ziwekwe mbele ya mpigaji, zikiwaelekea watu wala si yeye. Tundu la gitaa lizibwe kwa kifuniko cha mpira wakati wa sauti kubwa. Na fundi mitambo aipunguze sehemu hiyo ya mitetemo 100 peke yake, badala ya kuipunguza besi yote.

Adui wa pili ni mngurumo wa umeme, ambao asili yake ni mitetemo 50 ya umeme unaotufikia kwenye nyaya. Kinasa kisichofunikwa vizuri na waya usio na ngao huudaka kama redio inavyodaka stesheni. Hapa twataka kusema kwa mkazo. Wapo wanaoukata waya wa ardhi wa amplifaya kwa kuwa mngurumo hupungua. Hilo ni jambo la hatari ya kufa. Amplifaya ikiharibika ndani, umeme utatafuta ardhi kupitia mwili wa mpigaji, hasa anapoushika uzi wa chuma kwa mkono na kuigusa maikrofoni ya chuma. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey, mzaliwa wa Uskochi, alikufa jukwaani mjini Swansea kwa kuigusa maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhi ulio salama. Mngurumo ni kero tu. Afadhali mara elfu kupiga muziki wenye kero kuliko kumzika mpigaji.

FUNZO LA KINSHASA

Mtu aweza kutuuliza: je, kinasa cha kuundwa na fundi wa mtaani chaweza kusikika mbele ya ulimwengu? Jibu limekwisha kutolewa na jirani zetu. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu, ambaye alifariki mwaka 2015, alikuwa mpiga likembe, chombo ambacho ni ndugu wa ikembe yetu. Kelele za mji zilimmeza. Basi yeye na wenzake wa kundi la Konono wakatengeneza vinasa kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari ya zamani. Ndimi za likembe ni za chuma, kwa hiyo sumaku iliwasikia. Sauti ilitoka ikiwa na mkwaruzo mkali, nao hawakuuondoa. Waliupokea na kuufanya sehemu ya muziki wao. Sahani yao ya Congotronics iliyotolewa mwaka 2004 ilisikilizwa Ulaya na Marekani.

Kilichowafanikisha Konono ni kwamba walijua wanataka nini. Walitaka nguvu ya barabarani, wakaipata, na kwa kusudi hilo kinasa chao kilikuwa sahihi. Mpiga gitaa la kiklasiki akikichukua kifaa kile kile atakuwa ameangamiza kazi yake. Vipuri vya magari vipo tele Buyenzi. Kinachopasa kutangulia ni fikra ya mpigaji.

MNONG'ONO WA INANGA

Tuna mfano wetu wenyewe ulio wazi kuliko wote, nao ni inanga ya kunong'ona. Inanga ni ubao mrefu uliochongwa kama hori, na kamba moja hupitishwa huku na huku kwenye meno ya ncha zake mpaka zikapatikana nyuzi, aghalabu nane. Mpigaji haimbi kwa sauti. Hunong'ona maneno ya Kirundi huku nyuzi zikipiga wimbo. Rekodi zilizofanywa na Michel Vuylsteke mwaka 1967 na kutolewa na kampuni ya Ocora ziliupeleka mnong'ono huo kwa wasikilizaji wa nchi za mbali.

Mnong'ono, kwa asili yake, hauna sauti ya juu wala ya chini. Ni pumzi yenye maneno. Hata hivyo msikilizaji husikia kana kwamba mnong'ono wenyewe unaimba. Mtafiti Cornelia Fales, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuliandika katika makala yake ya mwaka 2002, alionyesha kwamba ni sikio letu linaloviunganisha vitu viwili: nyuzi hutoa wimbo, pumzi hutoa maneno, na akili huvifunga pamoja vikawa mwimbaji mmoja.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, inanga hiyo ikiletwa jukwaani Bujumbura, na fundi mitambo mwenye nia njema akabandika kinasa cha kristali kwenye ubao wake. Nyuzi zitavuma ukumbi mzima. Mnong'ono hautasikika, au utasikika mbali, ukitokea kwenye spika nyingine na kwa kipimo kingine. Kile kifungo kati ya pumzi na uzi kitakatika, na wimbo utakuwa umekufa ingawa kila noti imepigwa. Hapa maikrofoni moja nzuri, iliyowekwa mahali ambapo sikio la mgeni lingekaa, yashinda vinasa kumi vya bei.

Gitaa kavu linatofautiana na inanga kwa kadiri tu, si kwa asili. Nalo lina pumzi yake: kucha juu ya nailoni, mti unaoitikia, kimya kati ya noti mbili. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kuvuma si sifa. Vijana wetu wasifanye shindano la kelele na gitaa la umeme, kwa maana watashindwa, tena watakuwa wamekiacha kile ambacho wao tu wanacho.

Twatoa wito basi kwa mafundi wa Bujumbura. Fundi redio anaujua umeme lakini hajui ubao; seremala anaujua ubao lakini hajui umeme. Wakikaa meza moja, magitaa mengi yaliyotupwa kwa kudhaniwa yamekufa yatafufuka kwa bei ya msasa, transista na betri. Kwa wanaoandaa arusi na ibada, ombi letu ni dogo: gitaa kavu likianza kupiga, vyombo vingine vishushwe badala ya gitaa kupandishwa. Na pale inanga itakapoitwa jukwaani, mitambo izimwe yote isipokuwa maikrofoni moja, viti visogezwe karibu, na watu wanyamaze.